Ukubwa wa Nchi Una Tarehe Yake: Mafunzo Niliyopata Kwenye Kilomita za Mraba

Namba ya kwanza niliyoikariri kuhusu nchi yangu ni 945,087. Ilikuwa kitabuni, mwalimu akaiandika ubaoni, nami nilipopata darasa langu la jiografia nikaiandika vilevile. Baadaye niliingia kwenye kazi ya kuandaa ramani na majedwali ya vitabu vya shule, na huko nikaanza kukutana na namba nyingine za Tanzania hiyohiyo: 945,090, kisha 947,300, kisha 947,303. Zote zimechapishwa na watu makini. Nimezifuatilia kwa miaka, hizi za kwetu na za majirani, kwa sababu naamini nchi inayogawa ardhi, inayohesabu watu wake kwa kila kilomita na inayojadiliana na jirani kuhusu ziwa, yapasa ijue namba yake imetoka wapi.

1. Wingi wa tarakimu hauonyeshi umakini wa kipimo

Maili moja ya mraba ni kilomita za mraba 2.589988. Chukua 945,087 uigawanye kwa hiyo. Jibu ni 364,900, na ziada isiyofika hata robo ya maili.

Nilipoiona hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilirudia mara kadhaa nikidhani kikokotoo kimenighilibu. Mamia kamili! Namba tuliyoiimba darasani kama iliyopimwa hadi kilomita ya mwisho ina kila dalili ya makadirio ya maili za mraba yaliyokatwa kwenye mia iliyo karibu, kisha yakageuzwa kuwa kilomita. Aliyekata kwenye mia anakubali kwamba anaweza kuzidi au kupunguka kwa maili hamsini, yaani kilomita za mraba kama 130. Kwa hiyo zile 087 za mwisho zimezaliwa na kuzidisha, hazikutoka kwa mpima ardhi yeyote.

Jambo hili halipo kwetu tu. Vitabu vya zamani vya Kenya vilisema 582,646. Igawanye vilevile: unapata maili za mraba 224,961. Leo Kenya huandikwa 580,367, na tofauti ya namba hizo mbili, kilomita za mraba 2,279, inakaribia ukubwa wa Unguja na Pemba kwa pamoja. Na visiwa hivyo navyo vina historia hiyohiyo. Unguja ya 1,658 na Pemba ya 984 ni maili 640 na maili 380 zilizovalishwa kilomita. Takwimu za sensa hutumia 1,666 na 988.

Tangu hapo, namba yoyote ya eneo ikinifikia naigawanya kwanza kwa 2.589988. Ikitoka safi, najua nimeshika namba ya enzi ya maili.

2. Uliza kwanza kama maji yamo

Hili ndilo swali linalookoa muda kuliko yote. Eneo lote la nchi, kwa ufafanuzi unaotumiwa na FAO na Benki ya Dunia, linajumuisha maziwa na mito ya ndani. Eneo la nchi kavu linayaacha. Kwa Misri tofauti ni ndogo. Kwa nchi zilizozunguka Maziwa Makuu tofauti ni kubwa mno.

Tazama jinsi 945,087 ilivyopanda kuwa 947,300. Katika kitabu cha takwimu za dunia kilichokuwa kikitolewa na CIA ya Marekani, namba ya zamani iligawanywa hivi: nchi kavu 886,037, maji 59,050. Mpya inagawanywa hivi: nchi kavu 885,800, maji 61,500. Jumla iliongezeka kwa 2,213, lakini nchi kavu ilipungua kwa 237. Ongezeko lote ni la maji, na hakuna ziwa jipya lililozaliwa. Ni mahesabu ya sehemu yetu ya maziwa yaliyorekebishwa.

Athari yake huonekana kwenye msongamano wa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Ukigawanya kwa eneo lote unapata watu 65 kwa kilomita ya mraba. Ukigawanya kwa nchi kavu unapata karibu 70. Uganda ni zaidi. Sensa yao ya 2024 ilipata watu milioni 45.9. Kwa eneo lote la 241,551 hao ni watu 190 kwa kilomita; kwa nchi kavu, ambayo ni kama 200,500, wanakuwa 229. Mtu hajengi nyumba katikati ya Ziwa Victoria, kwa hiyo anayepanga shule na zahanati anahitaji hiyo ya pili. Nimeona majedwali yanayolinganisha nchi mbili, moja ikiwa na maji na nyingine bila maji, na msomaji hana njia ya kujua.

3. Safu ya miaka sitini haimaanishi vipimo sitini

Jedwali la Benki ya Dunia lina eneo la kila nchi kwa kila mwaka tangu 1961. Anayelifungua mara ya kwanza huamini kwamba kuna mtu anayepima kila mwaka. Hapana. Kwa nchi nyingi ni namba moja inayorudiwa, mwaka baada ya mwaka, hadi siku nchi au shirika litakapoirekebisha. Na wakati mwingine marekebisho hayo hurudishwa nyuma hadi mwanzo wa safu.

Mstari wa Tanzania wa mwaka 1961 unaonyesha hili waziwazi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar iliungana nayo tarehe 26 Aprili 1964. Lakini jedwali linaweka eneo la leo mbele ya 1961, kana kwamba Muungano ulikuwepo. Kwa mchumi anayetaka kulinganisha miaka hilo linafaa, maana analinganisha kipande kilekile cha dunia. Kwa mwanafunzi wa historia linapotosha, na inabidi aambiwe.

Namba inaporuka ghafla, natafuta sababu moja kati ya tatu: mpaka umebadilika, ufafanuzi umebadilika, au nchi imepimwa upya. Mipaka kubadilika ni nadra, lakini ikitokea ni tukio kubwa. Ethiopia ilikuwa 1,221,900 hadi Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, ikabaki 1,104,300. Sudan ilikuwa 2,505,813 hadi Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011. Hapo ndipo pananifundisha zaidi, kwa sababu vitabu havikubaliani. Vingine vinaipa Sudan Kusini 644,329 na kuiachia Sudan 1,861,484. Vingine 619,745 na 1,886,068. Jumlisha kila jozi: zote zinarudi 2,505,813 kamili. Eneo la zamani halina ubishi. Kinachobishaniwa ni mstari wa kuligawa, na eneo la Abyei, linalodaiwa na nchi zote mbili, limekaa hapohapo kwenye mstari.

Ufafanuzi kubadilika ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi. Marekani katika kitabu kilekile cha CIA ilipanda kutoka takriban milioni 9.37 hadi milioni 9.63 katika miaka ya 1990, kisha milioni 9.83 muongo uliofuata. Haikuteka nchi yoyote. Waliingiza kwanza sehemu yao ya Maziwa Makuu ya kwao pamoja na maji ya pwani, halafu bahari ya nchi. Mtu akichora grafu ya safu hiyo bila kusoma maelezo, atasema Marekani inakua.

4. Nyuma ya kila eneo kuna mkataba uliosainiwa mbali na eneo lenyewe

Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na takriban kilomita za mraba 995,000. Toa Rwanda ya leo, 26,338, na Burundi, 27,834, unabaki na karibu 941,000. Huo ndio mwili wa Tanganyika waliyopewa Waingereza na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kipande kidogo cha Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, kilikwenda kwa Wareno. Bugufi, ambayo ilikuwa sehemu ya Burundi, ilibaki upande wa Tanganyika. Mafia na ukanda wa pwani zilikuwa za Sultani wa Zanzibar hadi Wajerumani walipozilipia. Kenya nayo iliwahi kuwa na Jubaland, hadi ilipokabidhiwa kwa Waitaliano mwaka 1925, na ukanda wake wa maili kumi pwani ulihesabiwa kuwa wa Sultani hadi 1963.

Ninaposomesha hili siwezi kulipitia kwa sauti ya baridi. Mistari hii ilikata familia. Hata hivyo ni lazima ifundishwe kwa namba zake na miaka yake, kwa sababu bila hiyo mwanafunzi hawezi kuelewa kwa nini Novemba 1978 Idi Amin alitangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Kilikuwa kipande cha kama kilomita za mraba 1,800. Mpaka wa Mutukula umechorwa kwa latitudo ya digrii moja kusini, mstari ulionyooka usiojali mto, na Amin alitaka mto ndio uwe mpaka. Majedwali ya eneo ya mwaka huo hayakupunguza chochote kwa Tanzania. Ni sawa kabisa: uvamizi haubadilishi ukubwa wa nchi.

5. Unene wa kalamu unaweza kuwa na ukubwa wa Zanzibar

Nilibahatika kufundishwa na mzee mmoja mpima ardhi mstaafu, aliyekuwa bado na planimita yake kwenye kisanduku cha mbao. Ni chombo chenye mikono miwili na gurudumu dogo, kilichobuniwa na Jakob Amsler wa Uswisi mwaka 1854: unafuatisha ncha yake kwenye mpaka wa ramani, na ukirudi ulipoanzia, gurudumu linakusomea eneo.

Nilimwuliza: "Shikamoo mzee. Hivi mlizungusha hiki nchi nzima?"

"Marahaba. Nani angeweza, mwanangu? Karatasi iliyojaa hatuipimi. Tunasoma kwenye kitabu."

Alichomaanisha ni kizuri sana. Ramani za 1:50,000 zimekatwa kwa mistari ya latitudo na longitudo, kila karatasi dakika 15 kwa 15. Karatasi ambayo yote ni nchi, tuseme katikati ya Tabora, eneo lake linajulikana kwa hesabu ya umbo la dunia tu: kama kilomita za mraba 760, likipungua kidogo kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Nchi yetu ina karatasi zaidi ya elfu moja za aina hiyo, na nyingi hazihitaji planimita. Kinachohitaji mkono wa mtu ni karatasi za ukingoni, zenye mpaka, ufukwe wa ziwa au bahari. Makosa yote ya eneo la nchi yanaishi ukingoni.

Sasa fikiria ramani ya 1:1,000,000, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyotumika kwa makadirio. Milimita moja hapo ni kilomita moja. Mstari wa mpaka uliochorwa kwa unene wa nusu milimita unafunika nusu kilomita ya nchi. Mipaka ya Tanzania pamoja na pwani ni zaidi ya kilomita 5,000. Aliyepima kwa ukingo wa nje wa mstari na aliyepima kwa ukingo wa ndani wanatofautiana kwa kilomita za mraba zaidi ya 2,500, karibu Zanzibar nzima, na wote wawili wamefanya kazi kwa uaminifu.

Kompyuta imeondoa wino ila imeleta mtego wake. Dunia ni duaradufu, kioo ni bapa, na kila namna ya kuilaza dunia kwenye bapa huharibu kitu. Ramani za kawaida za simu na tovuti hutanua eneo kadiri unavyoiacha ikweta: Bukoba karibu haiguswi, lakini kwenye latitudo ya digrii 11, kule mkoani Ruvuma, kila hekta inavimba kwa karibu asilimia 4. Ufini huvimba zaidi ya mara tano. Mfumo wa UTM wanaoutumia wapima ardhi ni bora mno, lakini nao katikati ya kila kanda hupunguza eneo kwa sehemu nane katika elfu kumi, na Tanzania imelala kwenye kanda tatu, ya 35, 36 na 37. Kwa kiwanja cha Tegeta hilo si kitu. Kwa nchi nzima linaweza kufikia mamia ya kilomita za mraba. Eneo la nchi hupimwa juu ya duaradufu yenyewe, na programu nyingi zinaweza kufanya hivyo ukiziagiza.

6. Pwani haina mstari mmoja

Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyechunguza mipaka ya nchi, aligundua kwamba urefu wa mpaka au pwani hukua kila unapopima kwa hatua fupi zaidi. Eneo lina adabu kuliko urefu: ukipima kwa makini zaidi, namba inatulia. Hilo ni la kutia moyo.

Lakini inatulia kwenye mstari upi? Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita nne. Maji yakipwa Paje au Bagamoyo mtu hutembea mbali kabla ya kulowa magoti. Akina mama wa mwani wa Unguja hufanya kazi zao kwenye eneo ambalo kwa saa kadhaa ni bahari na kwa saa kadhaa ni ardhi. Ramani za nchi kavu kwa kawaida huchora pwani pale maji yanapofika yakijaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari unaanza kuhesabu maili 12 za bahari ya nchi na maili 200 za ukanda wa uchumi kutoka pale maji yanapofika yakipwa. Kati ya mistari hiyo miwili kuna mikoko, na Delta ya Rufiji peke yake ina takriban hekta 50,000 za mikoko, yaani kilomita za mraba 500. Ni nchi au ni bahari? Jibu linategemea ofisi uliyoingia.

Pwani yenyewe nayo inahama. Maziwe, mkabala na Pangani, kilikuwa kisiwa chenye miti ambako kasa walitaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kabla muongo huo haujaisha miti ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Singapore imekwenda upande wa pili: tangu miaka ya 1960 imejaza bahari na kukua kutoka kilomita za mraba kama 580 hadi zaidi ya 730. Kwao safu ya miaka inaonyesha kweli kitu kilichotokea ardhini, na kila ongezeko lina gharama yake.

7. Mlima hauongezi eneo

Eneo hupimwa kama kivuli cha nchi wakati jua liko utosini. Mteremko wa digrii 30 una uso mkubwa kwa asilimia 15 kuliko kivuli chake, na mkulima wa Lushoto anayelima huo mteremko anaujua kwa mgongo wake, lakini hati yake inasoma kivuli. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu ukianza kuhesabu miteremko hutajua pa kuachia: kilima, tuta, jiwe.

8. Maji yaleyale yanaweza kuhesabiwa na nchi mbili

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba uliopitisha mpaka wa Ziwa Nyasa kwenye ufukwe wa mashariki. Malawi inasimamia mkataba huo. Tanzania inasimamia mstari wa katikati ya ziwa, kama ulivyo kati ya Malawi na Msumbiji tangu makubaliano ya Waingereza na Wareno ya 1954, na imekuwa ikilisema hilo rasmi tangu 1967.

Majedwali ya eneo yanabeba mgogoro huu kimyakimya. Malawi huandikwa 118,484: nchi kavu 94,080, maji 24,404. Ziwa zima ni kama 29,600, na ukitoa sehemu ya Msumbiji, Malawi haiwezi kufikisha maji 24,404 bila kuhesabu mawimbi yote hadi yanapopiga mchanga wa Matema, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Tanzania kwa upande wake, katika hesabu za uvuvi, hujiwekea kati ya kilomita za mraba 5,000 na 6,000 za ziwa hilohilo. Namba zote mbili zimo kwenye vitabu, na zinakaa kurasa tofauti, kwa hiyo hazijawahi kugombana mbele ya msomaji.

Wavuvi wa Ludewa, Kyela na wilaya ya Nyasa wanatandaza nyavu usiku katika maji hayo. Wao ndio wanaostahili jibu kabla ya mtengeneza jedwali yeyote. Juhudi za usuluhishi, zikiongozwa na marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano, hazijaleta mpaka uliokubaliwa na pande zote mbili. Kwa hiyo katika kila jedwali la Afrika ninaloliandaa naweka maelezo mawili mafupi chini: mwaka wa chanzo cha kila namba na kama maji yamo, na kwamba ukijumlisha maji ya Malawi, ya Tanzania na ya Msumbiji kama kila moja inavyoyahesabu, Ziwa Nyasa litazidi ukubwa wake kwa zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Wachapishaji wengine huniomba niyaondoe maelezo hayo ili ukurasa usijae. Nawaomba wapunguze picha.